Dari la Tukuyu lililobanduka: utando wa utomvu wa nanomita 60 na maabara iliyoukosa mara ya kwanza

Plaiwudi za kiwanda kimoja cha Mafinga zilifungwa dari Tukuyu mwezi Novemba. Kufika Aprili, baada ya masika ya Rungwe ambayo hayahitaji kuelezwa kwa aliyewahi kuanika nguo kule, safu ya juu ya ubao ilikuwa inaachia kama ganda la kitunguu. Mbao za shehena ileile zilizobaki stoo Makambako, kwenye upepo mkavu, zilionekana nzima kabisa.

Kisa hiki ni cha kielelezo. Kiwanda hakina jina, na vipimo vya shehena vimepangwa ili hesabu ifuatike. Kemia ya mti na gundi, namba za mawimbi, na hasa makosa ya maandalizi ya sampuli ni mambo halisi. Atakayepeleka kipande cha ubao kwenye hadubini ya uga wa karibu (inayosoma mwanga kwa ncha inayokaribia kugusa sampuli) atakutana nayo, na mengine atakutana nayo hata akipeleka kitu kingine kabisa.

Ubao una safu tano za vinia ya msindano, yaani karatasi nyembamba za mti zilizomenywa kwenye gogo, kila moja nene milimita 2 hivi, zimegundishwa kwa gundi ya urea na fomaldehaidi. Kigumushi ni kloridi ya amonia, asilimia 1 ya uzito wa gundi. Kuongeza ujazo kuna unga wa ngano, sehemu 15 kwa kila 100 za gundi. Gundi ilipakwa gramu 170 kwa mita ya mraba, presi ikawa nyuzi 110 kwa shinikizo la megapaskali 1. Hapo hakuna cha kushangaza. La kuangaliwa liko nyuma kidogo, kwenye kikaushio: vinia ilikaushwa kwa nyuzi 185 na ikatoka na unyevu wa asilimia 2. Kwa gundi hii, vinia inayotakiwa ni ya asilimia 6 hadi 10. Mtu wa kikaushio alikuwa anaharakisha foleni, kama ilivyo kawaida pale mashine ya kumenya magogo inapokimbia kuliko kikaushio.

Tuhuma zikaanza, kila mmoja akivutia kamba upande wake. Fundi dari akasema gundi imechakachuliwa. Muuza gundi akasema vinia ilikuwa mbichi. Kiwanda kikasema dari lilivuja.

Vipande vililowekwa saa 24 kwenye maji ya nyuzi 20 kisha vikavutwa kwa mkato, yaani sambamba na mstari wa gundi mpaka viachie. Wastani ukawa nyutoni 0.5 kwa milimita ya mraba, na sehemu iliyopasukia ndani ya mti ni asilimia 10 tu. Kanuni ya Ulaya ya plaiwudi inaukubali ubao wenye 1.0 au zaidi bila kuuliza mti umepasuka kiasi gani. Ukishuka kati ya 0.4 na 0.6, lazima angalau asilimia 60 ya uso uliovunjika iwe mti. Kwa hiyo ubao umeanguka, na umeanguka kwa namna inayosema kitu: uliachia kwenye mpaka wa gundi na mti, haukuachia ndani ya gundi wala ndani ya mti. Uso wa gundi ulibaki unang'aa, una alama za nyuzi za mti kama muhuri, na ukucha hauuchubui. Gundi iliyochakachuliwa au isiyoiva huachia kwa kumeguka yenyewe kwa yenyewe. Hii ilikauka vizuri, ila haikushika.

(Kuna aliyetaka kipimo cha kuchemsha. Kwa gundi ya urea kipimo hicho si haki, maana maji ya moto huivunja hata ikiwa nzima. Na kwa plaiwudi yoyote, kuchemsha kwenye sufuria wazi Mafinga si sawa na kuchemsha Dar es Salaam: kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi maji yanachemkia karibu nyuzi 94. Atakayelinganisha matokeo ya miji hii miwili bila kusema hivyo anajidanganya.)

Swali likabaki moja: kwenye mpaka ule kuna nini?

Kwa nini hadubini ya kawaida ya infraredi haitoshi

Kila kifungo cha kemia hunyonya infraredi kwenye namba-wimbi yake, yaani idadi ya mawimbi yanayoenea ndani ya sentimita moja. Kwenye ubao huu zinazohitajika ni chache. Lignini ya msindano (kitu kinachoshikanisha nyuzi za mti) ina alama kwenye 1510, ndogo yake kwenye 1600, na nyingine kwenye 1270. Selulosi (nyuzi zenyewe) ina 1160 na fungu pana linalozunguka 1060. Hemiselulosi, inayojaza katikati ya hizo mbili, ina 1735. Gundi ya urea ina 1640 na 1550. Ya kwanza haifai, kwa sababu maji yaliyonywewa na mti nayo yapo pale pale. Ya pili ni safi, kwa kuwa mti hauna kitu cha maana kwenye 1550. Asidi za utomvu wa msindano zina alama kali kwenye 1695, na asidi za mafuta karibu na 1710.

Tatizo ni ukubwa wa wimbi lenyewe. Kwenye 1695 wimbi lina urefu wa maikromita 5.9, na hadubini ya lenzi haiwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu kuliko takriban nusu ya hapo. Kwa vitendo, doa lake ni maikromita 5 hivi. Utando wa nanomita 60 ndani ya doa hilo ni kama asilimia 1. Alama yake inazama kwenye mteremko wa alama ya 1735 ya hemiselulosi na haitoki tena. Mstari wa gundi, wenye maikromita 30 hadi 100, unaonekana vizuri. Ukingo wake ndio hauonekani, na jibu liko ukingoni.

Uga wa karibu unakwepa kikwazo hicho kwa kutotegemea lenzi. Wazo lenyewe ni la zamani. E. H. Synge aliliandika mwaka 1928, na Ash na Nicholls walilithibitisha kwa mawimbi ya maikro mwaka 1972. Katika umbo lililotumika hapa, ncha ya hadubini ya nguvu za atomu (inayopapasa uso kwa ncha badala ya kuutazama), iliyopakwa metali na yenye nusu-kipenyo cha nanomita 25 hivi, inawekewa mwanga wa leza ya infraredi. Ncha inakuwa antena. Chini yake unajikusanya uga mkali usiozidi ukubwa wa ncha yenyewe, na mwanga unaotawanyika kurudi unabeba habari ya kitu kilicho chini ya ncha tu. Urefu wa wimbi hauna tena usemi juu ya doa. Ncha ndiyo inayoamua.

Mwanga uliotawanywa na ncha ni mdogo mno ukilinganishwa na ule unaoruka kutoka kwenye mkono wa ncha na sampuli nzima. Ili kuutenga, ncha inadundishwa kwa kilohezi 250 hadi 300, mtikisiko wa nanomita 60, na ishara inasomwa kwenye hamoniki ya pili au ya tatu ya mdundo huo, yaani mara mbili au mara tatu ya kasi yake. Mwanga wa uga wa mbali hubadilika polepole ncha inapopanda na kushuka, hivyo hauna karibu chochote kwenye hamoniki za juu. Uga wa karibu hubadilika ghafla ndani ya makumi machache ya nanomita, na huko ndiko unakojitokeza. Kipimo cha kwanza cha asubuhi ni kuinua ncha taratibu kutoka juu ya dhahabu na kuangalia ishara inavyoanguka. Isipoanguka karibu yote ndani ya nanomita 30 hadi 50, kioo hakijapangwa sawa na hakuna haja ya kuendelea.

Mwanga unapitishwa kwenye interferomita, kifaa kinachougawa njia mbili na kuziunganisha tena, ambayo ncha na sampuli ziko kwenye mkono wake mmoja, kwa hiyo zinasomwa namba mbili kwa kila namba-wimbi: ukubwa, na fezi, yaani kiasi ambacho wimbi limechelewa. Kwa vitu vinavyonyonya kwa wastani, kama mti, gundi na plastiki, fezi ikilinganishwa na rejea (hapa dhahabu) inafuata unyonyaji wa kawaida kwa karibu sana. Ndiyo maana spektra ya fezi, yaani mchoro wake kwa kila namba-wimbi, inaweza kulinganishwa na majedwali ya infraredi ya kila siku. Mtu wa madini asichukue sentensi hiyo akaondoka nayo. Kwenye kwatsi au kalisiti fezi na ukubwa vinachanganyika na vilele vinahama.

Kioo cha interferomita kikisafiri milimita 0.8, mwanga unapata tofauti ya njia ya milimita 1.6, na spektra inatenganisha namba-wimbi zilizopishana kwa 6 hivi. Namba hiyo itakumbukwa baadaye.

Duru ya kwanza

Vipande viliandaliwa kwa njia inayofundishwa kwa kila anayekata tishu: kukaushwa kwa ethanoli ya asilimia 30, 50, 70, 90 na 100, kupitishwa kwenye asetoni, kujazwa epoksi (plastiki ya kimiminika inayogeuka ngumu) kwa hatua tatu, kuiva nyuzi 60 kwa saa 48, kisha kukatwa kwa kisu cha almasi. Uso ulitoka laini kama kioo, mikwaruzo chini ya nanomita 10. Picha za namna hii humfurahisha kila mtu chumbani.

Spektra zilichukuliwa kwa mstari unaovuka mpaka, pointi 40 zilizopishana nanomita 25. Alama ya 1550 ya gundi ikashuka kama ilivyotarajiwa. Kabla ya kufika ukuta wa seli, pakatokea ukanda mwembamba wenye 1510 kali kuliko mti wenyewe, na 1600 nayo. Kwenye 1695 hapakuwa na kitu.

Tafsiri ilikuja haraka, na kwa kweli ilikuwa nzuri. Safu yenye lignini nyingi kwenye mti ni ile ya kati inayounganisha seli na seli. Ikiwa lignini nyingi ipo usoni mwa vinia, basi kisu cha mashine ya kumenya hakikukata seli. Kimezichana kwenye maungio yake, kikaacha uso dhaifu. Rasimu ya ripoti ikapendekeza kisu kinolewe na pembe yake ibadilishwe.

Rasimu hiyo isingepaswa kufika meza ya pili. Ilikuwa na nyufa tatu, na zote zilikuwa tayari ndani ya data.

Kwanza, kwenye ukanda huo alama ya 1270 haikuwepo. Lignini ya msindano haiwezi kuwa na 1510 kali bila 1270, kwa sababu pete zake karibu zote ni za aina moja, na aina hiyo ndiyo inayotoa 1270. Badala yake palikuwa na alama kali kwenye 1248. Pili, ile "1600" ikitazamwa vizuri ilikuwa 1608. Tatu, na hili linauma zaidi: spektra moja iliyochukuliwa katikati ya uwazi wa seli, mahali ambapo hakuna mti wala gundi, ilikuwa na ukanda uleule.

Epoksi ya kawaida ina pete za benzini zilizofungwa pande mbili. Inatoa 1510, 1608, 1248, 1183 na 830. Kwa anayetafuta lignini hakuna kitu kibaya zaidi cha kumiminia sampuli, na bado ndicho kinachomiminwa kila siku kwa kuwa kinakatika vizuri. Ule ukanda wa "lignini" ulikuwa epoksi iliyoingia kwenye mwanya kati ya gundi na mti, mwanya uliokuwepo kwa sababu ubao ulikuwa umebanduka. Alama ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa ya kitu kilicholetwa na maabara.

Jambo la pili ni baya kuliko hilo, kwa sababu halikuacha alama ya aina yoyote. Ethanoli na asetoni huyeyusha utomvu. Kama mpakani palikuwa na utando wa utomvu, ngazi tano za ethanoli na beseni la asetoni vimeuosha kabla kisu hakijagusa sampuli. Kutoonekana kwa 1695 hakukusema kwamba utomvu haupo. Kulisema kwamba sampuli imeoshwa.

Palikuwa na mtego wa tatu, mdogo, uliopoteza siku nzima. Ncha mpya ilipowekwa, alama kali ilitokea kwenye 1260 karibu kila mahali, pamoja na fungu pana kati ya 1020 na 1100. Mtu akafurahi kwamba 1270 ya lignini hatimaye imepatikana. Kwa mtengano wa 6, na kelele ya kawaida, 1260 na 1270 zinaweza kubishaniwa. Kioo kiliposafirishwa milimita 1.6 na mtengano ukawa 3, ubishi ukaisha: kilele kiko 1260, chembamba, na kina mwenzake kwenye 800. Hayo ni mafuta ya silikoni. Chanzo chake kinajulikana: visanduku vya kuhifadhia ncha vyenye sakafu ya jeli yenye kunata. Mafuta huhama kutoka kwenye jeli, hupanda mkono wa ncha na kufika kwenye ncha yenyewe, kisha ncha huyapaka kila inapogusa. Njia ya kuyagundua ni ya dakika mbili: chukua spektra juu ya dhahabu safi kabla ya kugusa sampuli. Dhahabu haina alama yoyote kwenye eneo hili. Ikionyesha 1260, tupa ncha, usijaribu kuifuta.

Mvuke wa maji tunautaja kwa ufupi tu kwa sababu kila mwongozo unautaja. Mistari yake imejaa kati ya 1400 na 1900, yaani juu ya 1510, 1550 na 1695 zote. Sanduku la hadubini lipulizwe hewa kavu au naitrojeni nusu saa kabla, na rejea ya dhahabu irudiwe kila nusu saa. Meno ya msumeno kwenye eneo hilo ni mvuke, si sampuli.

Duru ya pili: bila epoksi, bila kimiminika

Vipande vipya vilikatwa Mafinga kwenye mbao zilizokuwa bado hazijabanduka kabisa, vikafungwa kwenye karatasi ya alumini. Mfuko wa plastiki haukutumika, kwa kuwa vilainishi vya plastiki vina alama kati ya 1725 na 1730, na vinahama. Selotepu haikutumika pia. Pamoja navyo vilifungwa vipande vya vinia tupu: ya nyuzi 185, na nyingine ya gogo hilohilo iliyokaushwa kwa nyuzi 140. Vinia hiyo ya pili haikuwepo katika duru ya kwanza, na bila yake hakuna kisa.

Mti usiojazwa kitu ni mgumu kukata. Kuta za seli za sehemu nyeupe ya pete ya mti ni nyembamba, kisu kinazilaza kama majani. Ikachaguliwa sehemu nyeusi ya pete, ambako kuta ni nene na uwazi ni mdogo, na ambako mstari wa gundi wenyewe unazishikilia. Kijiti cha milimita 3 kilibandikwa kwenye pini kwa tone dogo la gundi kali, chini kabisa, mbali na uso. Kwa wembe kikachongwa piramidi yenye kilele cha milimita 0.3 kwa 0.3, mstari wa gundi ukipita katikati. Kisu cha kioo kiliondoa tabaka za nanomita 500, kisha 200. Mikato 20 ya mwisho ilikuwa ya nanomita 70 kwa kisu cha almasi cha nyuzi 45, milimita 1 kwa sekunde, bila maji kwenye kibakuli cha kisu. Kinachopimwa si kipande kilichokatwa. Ni uso uliobaki kwenye kijiti.

Uelekeo wa kisu ni muhimu kuliko kasi yake. Kisu kikivuka mpaka, kinaburuta kilichopo mpakani na kukipaka upande wa pili, na utomvu wa msindano, unaolainika kwenye nyuzi 70 hadi 80, ni rahisi kupakwa. Kwa hiyo kisu kilipita sambamba na mstari wa gundi. Hata hivyo kijiti kimoja kilikatwa kwa uelekeo wa kinyume, ili kuona kama ukanda wowote utakaopatikana unahama. Ukihama, ni mpako.

Uso huu haukuwa kioo. Gundi ni ngumu kuliko mti, kwa hiyo palibaki ngazi ya nanomita 80 hadi 150 kwenye mpaka, na hapo ndipo uga wa karibu unapodanganya kwa urahisi. Ncha ikishuka ngazi, ubavu wake unagusa ukuta. Uga unabadilika bila kemia yoyote kubadilika, na mstari mweusi au mweupe unachorwa pembeni mwa ngazi. Picha ya aina hiyo imemdanganya mtu kila mahali kifaa hiki kilipo. Kulikuwa na njia tatu za kuikamata, na zote zilitumika. Picha ilichukuliwa kwenye 1800, ambapo hakuna chochote katika ubao huu kinachonyonya. Chochote kinachoonekana pale ni umbo, na kiondolewe kwenye picha nyingine. Sampuli iligeuzwa nyuzi 180. Kosa la umbo hubadilisha upande, kemia haibadilishi. Hamoniki ya tatu ililinganishwa na ya pili. Maeneo matatu kati ya kumi yalishindwa majaribio haya na yakaachwa.

Mengi kati ya yaliyobaki yalitoa picha iliyo wazi. Kutoka kwenye gundi, 1550 inaanza kushuka. Kabla 1510 na 1060 za mti hazijapanda, 1695 inainuka, inafika kileleni, inashuka, na upana wake katikati ya kimo ni nanomita 60 hivi. Mahali pengine ulikuwa 40, pengine 90. Ndani ya ukanda huo hakuna 1550 ya maana, maana yake gundi haikupenya wala kuchanganyika. Hakuna 1248 wala 1608, maana yake epoksi haipo. Kijiti kilichokatwa kinyume kilitoa ukanda mahali palepale. Ubao wa kulinganishia, uliotengenezwa kwa vinia ya nyuzi 140, haukuwa na ukanda. 1550 ilishuka polepole ikiingiliana na 1510, kama gundi inavyofanya inapoingia kwenye uso wa ukuta wa seli.

Ncha ilisumbua. Utomvu unanata, na ncha iliyopita juu yake inaondoka nao. Baada ya kila spektra tano ilirudishwa kwenye dhahabu. 1695 ikionekana pale, ncha ilibadilishwa, na spektra tano zilizotangulia zilifutwa. Ncha saba zilitumika kwa vijiti vinne. Sampuli nayo inasogea kwa joto, nanomita 20 ndani ya dakika kumi ni kawaida, hivyo baada ya kila pointi kumi picha fupi ilichukuliwa tena na mstari ukapangwa upya. Bila hivyo utando wa nanomita 60 unaweza kuonekana wa 100, au usionekane.

Jambo moja la gundi lilihitaji uangalifu. Unga wa ngano una protini, na protini nayo ina alama karibu na 1545. Wanga wake una fungu lake kati ya 1020 na 1150, ambalo kwa jicho la haraka ni selulosi. Punje kubwa za wanga wa ngano zina maikromita 10 hadi 35, kwa hiyo mstari wa sampuli ukianguka juu ya punje, mtu ataona "mti" katikati ya gundi na kuandika kwamba nyuzi zimeng'oka. Tofauti iko kwenye 1510: wanga hauna lignini.

Kilichotokea kwenye kikaushio, na cha kufanya

Vinia ya msindano ikikaushwa kwa joto kali mpaka karibu kukauka kabisa, maji yanapotoka ndani yanafuatana na asidi za utomvu na za mafuta kuja usoni. Maji yanaondoka, zenyewe zinabaki, zinasambaa na kuufanya uso ukatae maji. Gundi ya urea ni kimiminika cha maji. Inalala juu ya utando badala ya kuingia, inaiva hivyo hivyo, na kwenye ukavu wa Makambako inashikilia. Unyevu wa Tukuyu ukiivimbisha vinia na kuiachia mara kadhaa, utando hauna nguvu ya kuzuia.

Je, tone la maji lisingetosha? Sehemu kubwa, ndiyo. Tone liliwekwa kwenye vinia ya nyuzi 185 likakaa zaidi ya dakika tatu likiwa mviringo. Kwenye ya nyuzi 140 lilinywewa chini ya nusu dakika. Kipimo hicho ni cha bure na kiwanda chochote Mafinga kinaweza kukifanya kwenye mlango wa kikaushio kila zamu. Lakini tone halitaji sababu. Joto kali pia hufunga vitundu vidogo vya ukuta wa seli na hugeuza kemia ya uso, na hayo hayatibiwi kwa njia moja na utomvu. Kwa kweli kwenye karibu theluthi moja ya maeneo yaliyobaki hapakuwa na 1695 na bado gundi haikuingia, kwa hiyo ufungaji wa vitundu nao ulikuwepo. Hapo ndipo vipimo vya ncha vilipolipa gharama yake: vilionyesha utando ukiwa mpakani, na vilionyesha kwamba si utando peke yake.

Kiwanda kilishusha kikaushio hadi nyuzi 150 na vinia ikatoka na asilimia 7. Gundi ilipakwa siku hiyohiyo ya kukaushwa. Mbao mpya zilipolowekwa saa 24 zilitoa nyutoni 1.1, na zaidi ya nusu ya uso uliovunjika ulikuwa mti.

Kulikuwa na pendekezo la kupangusa vinia kwa maji ya magadi ili kuyeyusha asidi za utomvu. Kwa gundi ya fenoli lingekuwa na maana. Gundi hiyo yenyewe ina magadi makali, hivyo inajisafishia njia, na ndiyo sababu moja inayoifanya ivumilie vinia ambayo gundi ya urea inaikataa. Gundi ya urea huivishwa na asidi inayozalishwa na kloridi ya amonia. Ukiweka magadi usoni, unaizuia kuiva palepale unapotaka ishike.

Ilibaki vinia ya nyuzi 185 iliyokuwa tayari imekaushwa na kupangwa, marundo kadhaa. Hiyo ilipigwa msasa. Vinia za nje zilisuguliwa upande wa ndani tu, za kati pande zote mbili, kina cha milimita 0.1 hivi, ambacho ni zaidi ya mara elfu ya utando. Vumbi lilipulizwa, tone la maji likajaribiwa kona nne za kila karatasi ya kumi, na ile iliyokataa maji ikarudishwa kwenye msasa.